Huduma ya Kwaresima Shuleni Isiyoishia Kwenye Picha: Mwongozo Kamili kwa Walezi wa TYCS

Kila mwaka baada ya Pasaka napokea simu zile zile kutoka kwa walezi wenzangu wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania. "Mwalimu, tulikwenda. Tulibeba sabuni, unga na mafuta, watoto wakaimba, tukapiga picha, tukarudi. Halafu basi." Wengine wamejaribu miaka mitatu mfululizo, na kilichobaki ni picha zinazopauka kwenye ubao wa matangazo. Mwaka unaofuata wanaanza upya na kituo kingine na sabuni zile zile.

Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: kuendesha huduma ya Kwaresima katika shule ya sekondari ya Kikatoliki, wanafunzi wachache wakirudi nyumba ile ile kila Jumamosi mpaka mwenyeji awaite kwa majina yao. Nimeuandika nikifikiria shule ya bweni iliyo ndani ya parokia, maana ndiyo niliyoizoea. Mlezi wa shule ya kutwa atabadilisha saa na namna ya kuwapata wazazi, mengine yanabaki yalivyo.

Andaa hivi kwanza

Watu:
- Mtu mzima mmoja kwa kila nyumba mtakayohudumia: mwalimu, sista, matroni, katekista. Hesabu hii ndiyo inayopanga idadi ya nyumba. Ukipata watu wazima wanne, nyumba ni nne, hata kama wanafunzi 100 wameinua mikono.
- Wanafunzi watano kwa kila nyumba, na wawili wa akiba.
- Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo (familia jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja) aliye tayari kutembea nanyi siku ya kwanza.

Karatasi:
- Barua ya ruhusa yenye sahihi ya mkuu wa shule, na nakala kwa paroko na serikali ya mtaa au kijiji.
- Fomu ya ridhaa ya mzazi au mlezi kwa kila mwanafunzi.
- Kaunta buku moja. Moja tu, ikae kwa katibu.
- Orodha ya wanaotoka kila Jumamosi, nakala mbili, moja ibaki kwa mlinzi wa getini.

Vifaa:
- Madumu ya lita 10. Acha yale ya lita 20. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, na mtoto wa kidato cha kwanza akilibeba kilima kizima, Jumatatu unaye zahanati.
- Mafyekeo mawili, majembe mawili, fagio la chelewa, ndoo mbili.
- Glavu, miche ya sabuni ya kufulia, kisanduku cha huduma ya kwanza.
- Maji ya kunywa ya wanafunzi wenyewe. Msiende kunywa maji ya mtu anayechotewa maji.

Muda: Jumamosi sita kati ya Jumatano ya Majivu na Juma Kuu, saa mbili na nusu kila moja, na wiki tatu za maandalizi kabla ya hapo.

Hatua ya 1: Maliza ruhusa kabla ya kutangaza

Walezi wengi wanaanzia kwenye kengele ya asubuhi. Wanatangaza mstarini, watoto wanashangilia, kisha mkuu wa shule anakumbuka kwamba kidato cha sita wana mtihani wa taifa mwezi wa 5 na kwamba Jumamosi ile kuna mtihani wa majaribio. Huduma inakufa hapo, na mlezi anabaki na watoto waliovunjika moyo.

Anza na mwalimu wa taaluma. Mwombe ratiba ya mitihani ya muhula wote, uzizungushie duara Jumamosi zilizo huru. Ukiwa na tarehe mkononi ndipo uende kwa mkuu wa shule, kisha kwa paroko, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Paroko hawezi kuambiwa mwishoni kama mgeni. Jumuiya ndogo ndogo ziko chini yake, na yeye anajua ni nyumba gani tayari inasaidiwa na Caritas ya parokia, yaani kitengo cha huduma kwa maskini.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Iseme nani wanatoka, wanakwenda eneo gani, saa ngapi wanatoka na kurudi, nani mtu mzima anayewajibika, na nini hawatafanya. Hilo la mwisho ndilo linalompa mkuu wa shule usingizi: hawatakusanya fedha mitaani, hawatampa mtu dawa, hawatalala nje.

*Tahadhari:* kama mnafikiria kwenda kwenye makao ya watoto badala ya nyumba za watu, pitia kwanza kwa afisa ustawi wa jamii. Makao hayo yapo chini ya usimamizi wake, na watoto waliomo si maonyesho ya kutembelewa na kila shule yenye basi.

*Imekwenda sawa ikiwa:* una barua yenye sahihi na mhuri, na mwanafunzi hata mmoja bado hajasikia lolote.

Hatua ya 2: Ona

TYCS tunatumia njia ya Ona, Amua, Tenda, tuliyoirithi kwa padri Mbelgiji Joseph Cardijn, na ambayo Papa Yohane XXIII aliipendekeza kwa vijana katika waraka wake wa kijamii wa mwaka 1961. Kila mwanachama anaweza kuyataja maneno hayo matatu usingizini. Lakini tazama mipango ya shule nyingi: inaanzia Tenda. Sabuni inanunuliwa kabla hatujajua kama kuna anayehitaji sabuni.

Niseme yaliyonikuta mimi. Mwaka wa kwanza wa ulezi wangu niliongoza wanafunzi 60 kwenda kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake nyuma ya kigango. Tulifika tukiimba. Bibi alitoka, akatuona, akarudi ndani haraka. Tukadhani amekwenda kuvaa kanga nzuri. Kumbe alitokea mlango wa nyuma kwenda kuazima viti kwa jirani, na mjukuu wa jirani akatumwa dukani kukopa sukari, kwa sababu mgeni hawezi kuja akaondoka mkavu. Tulimwachia miche miwili ya sabuni na kilo mbili za unga. Deni la sukari nililisikia wiki iliyofuata, kwa mwenye duka. Nilikwenda kulilipa usiku, kwa aibu.

Tangu siku hiyo hatuendi popote kabla watu watatu hawajaenda kuona: mlezi, mwanafunzi mmoja, na mwenyekiti wa jumuiya. Watatu, wala si zaidi. Wiki mbili kabla ya Majivu mnapita na mwenyekiti, kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye anayepiga hodi na yeye ndiye anayeeleza. Nyie mnasikiliza.

Mambo ya kutazama na kuandika, ila mkitoka, si mbele ya mwenyeji:
- Maji yanachotwa wapi, na nani anachota?
- Kuni au mkaa vinapatikanaje?
- Paa linavuja? Njia ya chooni inapitika usiku?
- Nani analala naye? Nani angejua kama hajaamka asubuhi?
- Kuna shamba au bustani iliyoachwa kwa kukosa nguvu?
- Mchana wake unapitaje?

Swali la kumuuliza mwenyeji mwenyewe ni moja, na liulizwe baada ya habari za nyumbani kuisha: "Bibi, kazi gani siku hizi inakushinda?" Usiulize "unahitaji nini?" Ukiuliza hivyo utajibiwa kwa vitu, kwa sababu watu wamezoea kwamba wageni wa kanisani huleta vitu. Ukiuliza kazi inayomshinda, utasikia habari ya kichanja cha vyombo kilichoanguka tangu Krismasi.

*Tahadhari:* mwenyekiti wa jumuiya ni binadamu. Anaweza kukupeleka kwa shangazi yake. Mwombe akuonyeshe pia nyumba mbili ambazo hazihudhurii jumuiya. Mara nyingi hazihudhurii kwa sababu hakuna anayeweza kutembea. Na jirani Mwislamu au Mlutheri asirukwe eti si wetu. Katika mfano wa Msamaria mwema, Luka 10, aliyesaidia hakuwa wa dini ya aliyesaidiwa, na hakuuliza.

Hatua ya 3: Amua, kwa kikao cha dakika 50

Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima msiende popote. Kaeni darasani. Mwanafunzi aliyekwenda kuona asimulie nyumba zote alizoziona, bila kutaja majina ya wenyeji. Kisha someni Maandiko. Mathayo 25:31-46, pale Yesu anaposema mliyowatendea wadogo mlinitendea mimi, kila mtu analijua, ndiyo maana mimi huongeza Yakobo 2:15-16, pale mtu anapomwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani akashibe, asimpe chochote. Vijana hucheka kidogo wakilisikia, halafu wananyamaza.

Waulize: katika matendo saba ya huruma ya kimwili na saba ya kiroho, nyumba hii inatuomba lipi? Mwanafunzi mmoja aliwahi kubisha kwamba kumchotea bibi maji hakumo kwenye orodha. Mwenzake akamjibu kwamba kumnywesha mwenye kiu ni kazi inayoanzia kisimani. Hapo hukuhitaji mahubiri.

Chagueni nyumba kwa vigezo viwili: kazi iwe ndani ya uwezo wa vijana watano kwa saa moja na robo, na iwe kazi inayojirudia. Kuezeka paa upya si kazi yenu. Ipelekeni kwa paroko na serikali ya mtaa, mkifuatilia kwa barua. Kuchota maji, kufyeka njia, kupasua kuni, kufua mablanketi, kupalilia bustani, kusoma barua au Biblia kwa asiyeona vizuri, kuzungumza: hizo ndizo zenu.

Mlezi, hapa ni kujizuia. Ukiwa na jibu mfukoni watoto watalinusa na watakupa hilo hilo. Mimi hukaa nyuma ya darasa na kusahihisha madaftari, au kujifanya nasahihisha.

*Imekwenda sawa ikiwa:* mmeandika pia yale ambayo hamtayaweza, na nani ataambiwa kuhusu hayo.

Hatua ya 4: Panga vikundi

Kila kikundi kiwe na wanafunzi watano wa vidato tofauti, mtu mzima mmoja, na nyumba moja isiyobadilika hadi Pasaka. Kishawishi cha kuzungusha vikundi "ili kila mtu aone" ni kikubwa. Kikatae. Mzee hawezi kueleza habari za mguu wake upya kila Jumamosi kwa sura mpya tano.

Kidato cha nne na cha sita waachwe huru kujitoa bila kuonekana wabaya. Wachukue sala: kila mmoja apewe nyumba ya kuiombea kwa wiki sita.

Wanafunzi wasio Wakatoliki hujiandikisha pia, na wengi hufanya kazi kutupita. Wapokee. Kazi ni ya wote, sala iwe ya anayetaka. Wazazi wao nao wasaini fomu inayosema wazi kwamba hii ni shughuli ya TYCS.

Kisha kuna jambo linalonikera kuliko yote. Zipo shule zinazopeleka wachelewaji na watoro kwenye huduma kama adhabu. Mtoto aliyetumwa kwa bibi kama adhabu anamfundisha bibi kwamba yeye ndiye adhabu. Mwalimu wa nidhamu akikuletea majina ya namna hiyo, mrudishie kwa upole. Fyekeo la adhabu litumike uwanjani kwake.

Hatua ya 5: Wafunde kabla hawajatoka

Tenga jioni moja nzima, baada ya chakula na kabla ya prepo. Msifanye kwa kusoma kanuni. Igizeni: mmoja awe mzee, watano waje kumtembelea. Makosa yote yataonekana katika dakika tatu.

Mambo ya kuwafunda:

*Kuingia.* Hodi mara tatu na kusubiri. Kimya kikizidi mnarudi, hamchungulii dirishani. Shikamoo kwanza, kila mmoja kwa zamu yake, na ngoja marahaba. "Tumsifu Yesu Kristo" ni kwa nyumba ya Mkatoliki. Kwingine salamu za kawaida zinatosha.

*Kukaa.* Mnakaa mlipoelekezwa, hata kama ni kwenye gogo. Ukipewa kikombe cha maji au muhogo wa kuchemsha, pokea kwa mikono miwili na uonje. Kukataa kabisa ni tusi. Kumaliza chakula cha nyumba ni tusi jingine.

*Kuzungumza.* Usimuulize mtu ugonjwa wake, wala watoto wake wako wapi. Atakueleza siku akitaka, pengine Jumamosi ya tatu. Ukieleza ya nyumba hiyo bwenini, umetoka kwenye kikundi.

*Mwili na dawa.* Wanafunzi hawamwogeshi mtu, hawambadilishi nguo, hawampi dawa. Mkikuta hali inayohitaji hayo, mtu mzima anawasiliana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

*Usalama.* Hakuna mwanafunzi anayebaki peke yake na mtu yeyote ndani ya nyumba, awe mzee, kijana wa nyumba hiyo, au mwalimu. Wawili wawili daima. Hakuna kubadilishana namba za simu. Hakuna kupeana fedha, kwenda wala kurudi. Mwanafunzi chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na wewe ndiye unayebeba dhamana yake tangu geti mpaka geti.

*Siri.* Wafundishe sentensi hii waijue kwa moyo: "Siwezi kuahidi kutomwambia mwalimu." Siku moja watakuta mtoto anayepigwa au mzee anayenyimwa chakula na wanawe. Wasichunguze, wasigombane na mtu, wakuambie siku hiyo hiyo. Wewe mpe taarifa mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii. Likimhusu mtoto, namba 116 inapigwa bure.

*Picha.* Hakuna. Simu za walimu zibaki mfukoni. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sura na habari za afya za mtu si vitu vya kurushwa kwenye kundi la wazazi kwa furaha tu. Hata isingekuwapo sheria, Mathayo 6:3 lilikwisha sema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Mkuu wa shule akitaka picha ya gazeti la jimbo, mpige yeye picha na wanafunzi wakinoa mafyekeo.

Hatua ya 6: Jumamosi yenyewe

Ratiba iliyotufaa:

Saa 8:00 mchana: kukusanyika kanisani. Dakika tano: Baba Yetu, jina la nyumba, kimya. Wimbo mmoja ukitaka, wala si tamasha.

Saa 8:10: orodha inasomwa getini, mlinzi anapewa nakala yake.

Saa 8:30: kufika, salamu, kukaa kidogo. Usiruke kukaa. Wavulana hasa hufika wakashika jembe kabla ya salamu kuisha, ili wasilazimike kuongea.

Saa 8:45: kazi. Watatu wanafanya kazi ya mikono, wawili wanakaa na mwenyeji, kisha wanabadilishana. Kama mwenyeji anaweza kufanya sehemu ya kazi, aachiwe. Babu mmoja asiyeweza tena kupasua kuni alikuwa stadi wa kunoa shoka, na tangu tulipomwachia kunoa, Jumamosi zote alitusubiri nje na jiwe lake la kunolea.

Saa 10:00: kuosha vifaa, kuaga, na sala fupi kama mwenyeji ameomba. Mwambie mtarudi lini, kisha mrudi siku hiyo. Kama mvua au mtihani umezuia, mtu mmoja lazima aende kusema. Kwa mtu anayeishi peke yake, ahadi ya Jumamosi inahesabiwa kuanzia Jumapili.

Saa 10:30: getini, orodha inahakikiwa tena.

*Tahadhari ya kalenda:* mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, wiki ile ile Ramadhani ilipoanza, na 2027 itakuwa 10 Februari, tena jirani na mwandamo. Kwenye nyumba ya mtu aliyefunga, msile wala kunywa mbele yake, na mwulizeni saa inayomfaa. Ikifika saa 9 alasiri aliyefunga ana njaa na uchovu, pengine asubuhi ni afadhali kwake.

Hatua ya 7: Rudini mezani jioni ile ile

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila shule, na bila hiyo mtakuwa mmefyeka nyasi tu. Jioni hiyo hiyo, kabla ya kulala, kila kikundi kikae dakika 20 na mtu wake mzima. Maswali matatu: Tumeona nini ambacho wiki iliyopita hatukukiona? Kuna jambo lililokukera, au lililokuaibisha? Yesu alikuwa upande gani wa mlango?

La pili lina kazi kubwa. Mwanafunzi atasema harufu ilimshinda, au kwamba bibi anamkumbusha bibi yake ambaye hajamsalimu tangu Januari. Usimkemee na usimrekebishe. Mwambie alipeleke kwenye Njia ya Msalaba ya Ijumaa, kituo cha sita, pale Veronika anapofuta uso wenye damu na vumbi. Mwombe paroko au kapelani awepo kwa kitubio wiki ya nne, maana wengi hapo wanakuwa wameanza kuona mambo yao wenyewe.

Katibu anaandika mistari mitano kwenye kaunta buku. Tarehe, kazi, kilichobaki, kinachofuata, nani anaambiwa.

*Imekwenda sawa ikiwa:* kufikia Jumamosi ya tatu watoto wanazungumza juu ya mtu, kwa jina, na wameacha kusema "wale wahitaji".

Hatua ya 8: Fedha na mfungo

Mtahitaji fedha kidogo: sabuni, glavu, kubadilisha mpini wa jembe. Msizichange kwa bahasha za wazazi. Zitoke kwenye mfungo wa watoto wenyewe, vinginevyo ni wazazi wanaofunga kwa niaba yao. Wanachama 80 wakiacha andazi au soda ya shilingi 500 mara moja kwa wiki, kwa wiki sita ni shilingi 240,000. Zinatosha na kubaki.

Angalia neno "kuacha andazi". Sikusema kuacha chakula. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa inawafunga kwa mfungo wenye umri wa miaka 18 kamili hadi wanapoanza mwaka wa 60. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Mtoto wa kidato cha kwanza mwenye miaka 13 anayezimia kwenye mstari Ijumaa asubuhi hajatimiza sheria yoyote, amekupatia barua kutoka kwa mzazi wake. Mweleze hivyo mbele ya wenzake, kwa sababu watoto hushindana kwa utakatifu kama wanavyoshindana kwa hesabu.

Sanduku liwe na kufuli, funguo mbili, wahesabuji watatu, na jumla ibandikwe kanisani kila Jumapili. Michango ya mtu mmoja mmoja isisomwe kamwe. Kitakachobaki kiende kwa paroko siku ya Alhamisi Kuu, pamoja na vipaji vya misa ya jioni.

Hatua ya 9: Msife Jumatatu ya Pasaka

Wiki ya tano, kabla ya shamrashamra za Juma Kuu, mlezi akutane tena na mwenyekiti wa jumuiya akiwa na kaunta buku. Kwa kila nyumba amueni moja kati ya haya: jumuiya inaichukua, wanafunzi wanaendelea mara moja kwa mwezi, au kazi imekwisha. Kazi imekwisha ni jibu halali, ila mwenyeji aambiwe ana kwa ana na kikundi chake, kwa kuagwa. Wasitoweke tu.

Likizo ndiyo shimo wanamodumbukia wengi. Shule ikifungwa mwezi wa 6 bibi bado ana kiu. Andikeni mapema majina mawili ya wanajumuiya watakaoshika zamu, mwapeleke nyumbani kwake awajue kabla ya basi la wanafunzi kuondoka.

Nusu ya pili ya mwaka shikeni tarehe moja ya kurudi kwa pamoja. Sisi tumechagua Siku ya Maskini Duniani, aliyoianzisha Papa Fransisko, inayoadhimishwa tangu 2017 Jumapili ya 33 ya mwaka. Huwa mwezi wa 11, kidato cha nne wakiwa kwenye mtihani wa taifa, hivyo wadogo ndio wanaoongoza. Ni mazoezi mazuri kwao kwa mwaka ujao.

Ripoti kwa mkuu wa shule isizidi ukurasa mmoja, na isiwe na jina la mwenyeji hata mmoja.

Mwenyeji akifariki

Mkihudumia wazee, itatokea, na pengine katikati ya Kwaresima. Walezi wengi huwaficha wanafunzi kwa wiki nzima. Usifanye hivyo. Kiite kikundi chake peke yake, waambie mkiwa mmekaa, waache walie. Kisha waulize kama wanataka kwenda msibani, na asiyetaka asisukumwe. Kuzika wafu ni tendo la saba katika yale ya kimwili, na ndilo ambalo hakuna shule inayoliweka kwenye mpango wake.

Ombeni ruhusa kwa familia kupitia jumuiya. Msiende kama kwaya isipokuwa mmeombwa. Nendeni kufanya mliyokuwa mkifanya. Tulipompoteza babu wa shoka, ndugu walikuja kutoka mbali na hawakujua chochote cha nyumba ile. Wanawake wa jikoni walipoulizana maji yanachotwa wapi, msichana wa kidato cha pili alikwisha inuka. Alikwenda nyuma ya banda, akatoa madumu mawili mahali yanapowekwa, akawaita wenzake wanne, wakashuka kisimani.